Kutoka ubaoni hadi kazini: namna ya kuwaandaa wanafunzi wa informatika



Katika miji yetu ya mashariki, siku ya utetezi wa kazi ya mwisho ni sikukuu ya jamaa nzima. Mama anavaa kikwembe kipya, wajomba wanatoka kijijini, na kijana anatoka mbele ya walimu akipigiwa makofi. Wengi wamefika hapo kwa shamba lililouzwa, kwa ng'ombe aliyeuzwa, au kwa mkopo wa kikundi cha akiba cha akina mama. Kwa hiyo ni haki yao kuuliza swali linalokuja wiki chache baadaye, wakati picha zimekwisha kutundikwa ukutani: sasa mtoto huyu anaweza kufanya kazi gani?

Mimi ni mwalimu wa informatika, na swali hilo nalisikia kila mwaka. Nitaeleza hapa kwa nini kijana mwenye alama nzuri anaweza kukwama siku ya kwanza kazini, na ni nini kinachoweza kubadilishwa bila kungoja mashine mpya kutoka nje.

Nianze na jambo nililoliona. Kituo kimoja cha afya kilihitaji mtu wa kuingiza kwenye kompyuta daftari la wanawake wajawazito. Walimpata kijana aliyemaliza masomo, tena mmoja wa wale waliofanya vizuri. Akafunga mlango, akafanya kazi siku nne, akatoka na fomu nzuri ya kupendeza, yenye rangi na alama ya msalaba juu. Muuguzi akaketi mbele yake, akajaribu, akauliza: "Mwanangu, mama asiyejua siku aliyozaliwa namwandika wapi?" Fomu ilikataa kuendelea bila tarehe ya kuzaliwa. Kijana akajibu: "Mama, weka tu tarehe yoyote." Muuguzi akatii. Baada ya mwezi mmoja, karibu nusu ya wanawake wa eneo lile walikuwa wamezaliwa tarehe 1 Januari 1990.

Watu walicheka, lakini hesabu ya umri wa wajawazito ilikuwa imeharibika, na umri ni jambo ambalo daktari analitazama kwanza. Kijana yule alijua kueleza hifadhidata ni nini. Alijua kanuni zake kwa moyo. Hakuna mtu aliyekuwa amemfundisha kuketi karibu na muuguzi asubuhi moja, kumtazama anavyoandika, na kuuliza kabla ya kutengeneza. Lawama hiyo siiweki juu yake. Naiweka juu yetu sisi tuliomfundisha.

Tunavyofundisha

Tuseme wazi namna somo hili linavyopita katika vyuo vingi vya kwetu. Mwalimu anaingia mbele ya promosheni ya watu wengi, anaandika programu ubaoni, wanafunzi wananakili. Mwenye pesa ananunua silabusi, asiye nazo anapiga fotokopi ya mwenzake. Siku ya mtihani wanaandika programu kwa kalamu, na mwalimu anasahihisha bila mashine yoyote kujaribu kama programu ile inatembea. Chumba cha kompyuta kipo, lakini mashine ni chache, na zamu ya kila mmoja ni fupi. Mara nyingine zamu inafika na umeme umekatika.

Sababu zinajulikana. Mtambo wa kwanza wa Ruzizi ulijengwa mwishoni mwa miaka ya 1950, na wa pili ulianza mwaka 1989. Tangu hapo watu wa Bukavu na Uvira wameongezeka mara nyingi, na delestaji imekuwa sehemu ya maisha. Mafuta ya jenereta ni ghali. Kompyuta iliyotumika ni mzigo mkubwa kwa mzazi ambaye bado anadaiwa minervali. Nayasema haya kwa sababu kuna wanaodhani walimu ni wavivu tu.

Jambo jingine wazazi walijue. Zamani mtoto alisoma miaka 3 ya gradua, kisha miaka 2 ya lisansi. Katika mpango mpya unaoitwa LMD, lisansi ni miaka 3, masta ni miaka 2, halafu inakuja shahada ya udaktari. Basi mtoto anaposema leo "nimepata lisansi", hajasoma miaka mitano kama kaka yake mkubwa, na mwajiri anayekumbuka mpango wa zamani anaweza kumtarajia ajue zaidi ya alichofundishwa. Kila mwaka unahesabiwa kwa krediti 60, na ndani ya krediti hizo kuna saa ambazo mwanafunzi anapaswa kufanya kazi mwenyewe, nje ya darasa. Kwa informatika, saa hizo ndizo zinazomfanya mtu kuwa fundi. Lakini atazifanyia wapi, kama nyumbani hakuna mashine na chuo kinafungwa saa kumi?

Si shida ya Congo peke yake

Nilipoanza kufundisha nilidhani kwamba wanafunzi wa Ulaya na Marekani, wenye mashine mbele ya kila mtu, hawana shida hii. Nilikosea. Mwaka 2001 kikundi cha walimu kilichoongozwa na Michael McCracken kiliwapima wanafunzi 216 kutoka vyuo vikuu vinne, waliokuwa wamemaliza masomo yao ya kwanza ya kuandika programu. Waliambiwa watengeneze kikokotoo kidogo, yaani programu ya kufanya hesabu. Wastani wa alama zao ulikuwa chini ya 23 juu ya 110.

Miaka mitatu baadaye, Raymond Lister na wenzake walijaribu jambo rahisi zaidi katika nchi saba. Hawakuwaambia wanafunzi waandike. Waliwapa programu fupi iliyokwisha kuandikwa na kuwauliza: ikitembea, itatoa jibu gani? Wengi walishindwa hata hapo. Yaani tulikuwa tunawadai watunge barua kabla hawajajua kusoma.

Jambo hili lilinibadilisha kama mwalimu, kwa sababu kusoma programu hakuhitaji umeme. Kunahitaji karatasi, kalamu na uvumilivu.

Nitoe mfano. Chukueni sadaka tatu: faranga 500, faranga 1000 na faranga 200. Tunataka programu ya kuzijumlisha. Ubaoni naandika hivi, kwa Kiswahili cha kawaida: anza na jumla ambayo ni sifuri, kisha kwa kila sadaka, ongeza sadaka hiyo kwenye jumla, mwishoni onyesha jumla. Mwanafunzi anachora jedwali lenye safu mbili, moja ya sadaka na moja ya jumla, na anajaza mstari kwa mstari: 500 na 500, 1000 na 1500, 200 na 1700. Wote wanasema ni rahisi.

Halafu naandika programu ya pili inayofanana sana na ile. Tofauti ni moja tu: maneno "jumla ni sifuri" nimeyaweka ndani ya mzunguko, mahali ambapo yatarudiwa kwa kila sadaka. Nauliza itatoa jibu gani. Nusu ya darasa wanapaza sauti: 1700! Nawaambia wachore jedwali. Wanachora, na baada ya dakika chache kunakuwa kimya, kwa sababu jibu ni 200. Kila mara sadaka mpya inapofika, jumla inafutwa na kuanza upya, na mwishoni inabaki sadaka ya mwisho peke yake. Mtunza hazina wa kanisa akiwa na programu ya namna hiyo, ataitwa mwizi.

Mwanafunzi aliyechora majedwali ishirini ya namna hii anakuwa na macho tofauti. Siku anapopata saa yake moja mbele ya mashine, hapotezi dakika arobaini akibadilisha maneno ovyo ovyo akitumaini kwamba mashine itamhurumia.

Kuna zoezi jingine ninalolipenda. Mwaka 2006 walimu wawili wa New Zealand, Dale Parsons na Patricia Haden, walieleza mazoezi ambamo mwanafunzi anapewa mistari ya programu iliyo sahihi lakini imechanganywa, naye anaipanga. Wao walitumia kompyuta. Mimi naandika mistari kwenye vipande vya karatasi, navikata kwa mkasi, navitia ndani ya bahasha, na kila kikundi cha watu wanne kinapanga vipande juu ya benchi. Wanabishana, na mabishano hayo ndiyo ninayoyataka. Darasa la watu themanini linahitaji bahasha ishirini tu, na bahasha zinatumika tena mwaka unaofuata.

Sue Sentance wa Uingereza na wenzake wamepanga njia hii kwa hatua: mwanafunzi kwanza anatabiri programu itafanya nini, kisha anaiendesha, anaichunguza, anaibadilisha kidogo, na mwisho kabisa anatengeneza ya kwake. Tazameni kwamba hatua ya kwanza na ya tatu zinaweza kufanyika chini ya mwembe. Sisi kwa kawaida tunaanza na hatua ya tano.

Kazini watamuuliza nini?

Katika ofisi, kijana mpya hapewi ukurasa mtupu. Anapewa kazi iliyoachwa na mtu mwingine: faili la mishahara lenye kanuni zisizoeleweka, mtandao wa nyaya ambao hakuna anayejua uliwekwa na nani, programu ya shule ambayo mtengenezaji wake amehamia Kampala. Anapaswa kusoma, kuelewa, kurekebisha bila kuvunja, na kuandika alichofanya ili anayemfuata asiteseke. Hivyo nimeacha kutoa mitihani yote kwa mtindo wa "andika programu ya". Mara nyingi natoa kazi ya mwanafunzi wa mwaka uliopita, yenye makosa yake, na kusema: "Itengenezeni, na mniandikie ukurasa mmoja kuhusu mlichokuta."

Wajifunze pia kutunza historia ya kazi. Kila mmoja wetu ameona kwenye flashi mafaili yanayoitwa "rapoti", "rapoti mpya", "rapoti ya mwisho", "rapoti ya mwisho kabisa". Kuna chombo kinachoitwa Git, kilichotengenezwa mwaka 2005 na Linus Torvalds, mzaliwa wa Ufini, yule yule aliyeanzisha Linux mwaka 1991. Kinaandika nani alibadilisha nini, siku gani, na kwa sababu gani, na kinawezesha kurudi nyuma. Ni cha bure. Tena, na hili vijana wengi hawalijui, hakihitaji intaneti ili kufanya kazi. Historia yote inakaa ndani ya mashine ya kila mmoja, na watu wawili wanaweza kupashana kazi kwa flashi. Mwisho wa Desemba 2018, baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa nchini kote kwa karibu wiki tatu. Aliyejua Git aliendelea kufanya kazi.

Halafu kuna nakala za akiba. Kanuni ya mafundi ni nakala tatu, juu ya vyombo vya aina mbili, na moja iwe mahali pengine. Vitabuni mfano ni moto au wezi. Sisi tuna mfano wetu. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ililipuka jioni, na siku chache baadaye serikali ikaamuru sehemu ya mji wa Goma ihamishwe. Watu walikwenda Sake, Minova, Rutshuru, wengine walivuka Rwanda. Mtu aliyebeba mtoto mgongoni na godoro kichwani habebi kompyuta ya ofisi. Nawauliza wanafunzi: shule yenu ingepata wapi alama za watoto wa mwaka wa sita? Hapo maneno "mahali pengine" yanapata maana.

Kwenye siri nitakaa kidogo, kwa sababu hapa uzembe unaweza kuua. Mwenye kutengeneza mashine ya hospitali anaona majina. Anaona nani ana virusi vya UKIMWI, nani alibakwa, mtoto yupi alizaliwa namna gani. Jimbo la Kivu Kusini lina hospitali ya Panzi, ambayo ni ya kanisa na ilianza mwaka 1999, inayojulikana duniani kwa kuwatibu wanawake waliotendewa ukatili. Katika maeneo kama yetu, daftari moja la wagonjwa likipigwa picha kwa simu na kutumwa kwenye kikundi cha WhatsApp, mwanamke anaweza kufukuzwa nyumbani, au kutafutwa na waliomtendea mabaya. Nchi yetu ina sheria ya mambo ya dijitali, ya tarehe 13 Machi 2023, nayo inalinda habari za watu binafsi. Lakini mwanafunzi hafundishwi siri kwa kusomewa sheria. Anafundishwa kwa mazoea madogo: kutotumia majina ya kweli anapojaribu programu, kutobeba daftari la wagonjwa kwenye flashi yake kwenda kulimalizia nyumbani, kutoandika neno la siri kwenye karatasi na kulibandika ukutani. Mwanafunzi akiniletea kazi yenye majina ya wagonjwa wa kweli, simpi alama hata kama programu inatembea. Wengine wameniona mkali, na mimi sijutii.

Jambo la mwisho hapa ni lugha. Mwanafunzi wetu anasoma kwa Kifaransa. Mashine inamjibu makosa yake kwa Kiingereza. Na mtu atakayetumia kazi yake anazungumza Kiswahili, au Mashi, au Kinande. Vijana wanaijua hali hii, ila hawaoni kwamba ni kazi ya kujifunza. Mwisho wa kila muhula naalika mgeni mmoja darasani ambaye si mtu wa kompyuta: mama mtunza hazina, mkuu wa shule ya msingi, mlinzi. Kikundi kinamweleza kazi yake kwa Kiswahili kwa dakika kumi, na mgeni ndiye anayesema kama ameelewa. Mama mmoja aliwaambia vijana: "Wanangu, mmesema vizuri, lakini bado sijajua nibonyeze wapi."

Staji isiyo ya kupika chai

Kila mwanafunzi anafanya staji. Tunajua wengi wanavyoifanya: wanapanga makaratasi, wanatumwa kununua kadi ya simu, wanapiga chapa barua za mkubwa, na mwishoni wanapata muhuri juu ya rapoti iliyonakiliwa kutoka kwa mwenzao wa mwaka jana. Mkubwa wa ofisi si mtu mbaya. Amepewa kijana bila maelezo, naye ana kazi zake.

Nimejifunza kutomtuma mwanafunzi na barua ya chuo tu. Naenda mwenyewe, au napiga simu, na tunakubaliana mambo machache: kazi moja iliyo wazi, mtu mmoja atakayemwangalia, na ukurasa mmoja kila Ijumaa unaosema amefanya nini na amekwama wapi. Ukurasa huo wa Ijumaa unasaidia kuliko rapoti ya mwisho yenye kurasa hamsini, maana shida inaonekana ikiwa bado changa.

Na hapa makanisa yetu yana kitu ambacho vyuo vya serikali vinakitafuta kwa shida. Jumuiya za Kiprotestanti zina shule, vituo vya afya, hospitali, ofisi za maendeleo, nyumba za kulaza wageni. Kila moja ina daftari, ina hesabu, ina mashine iliyokufa kwenye kona. Fikirini kituo cha afya kinachojaza kila mwezi karatasi za takwimu za wizara. Karatasi zile zinakwenda kwenye ofisi kuu ya zoni ya afya, na huko zinaingizwa katika DHIS2, mfumo uliotoka Chuo Kikuu cha Oslo, Norwe, na unaotumika leo katika zoni za afya za nchi yetu, ambazo ni 519. Mwanafunzi akikaa mwezi mmoja hapo anaona mambo yote ya ufundi wake kwa mara moja: karatasi isiyosomeka, tarakimu iliyokosewa, intaneti dhaifu mwisho wa mwezi wakati kila mtu anataka kutuma, na bosi anayengoja namba kabla ya mkutano.

Naomba viongozi wa jumuiya wajihadhari na jambo moja. Kijana wa staji atapenda kuwatengenezea programu mpya kabisa, yenye jina la jumuiya na picha ya kanisa. Mnafurahi. Baada ya miezi mitatu ameondoka, programu inagoma, na hakuna anayeweza kuifungua. Nimeona hilo mara nyingi mno. Kwa ofisi ndogo, jedwali lililopangwa vizuri katika LibreOffice, lenye ukurasa wa maelezo na nakala za akiba, ni bora kuliko programu nzuri iliyokufa. Mwambieni kijana atengeneze kilichopo kwanza. Atanung'unika kidogo, kwa sababu anataka kitu cha kuonyesha kwenye utetezi, lakini kazi atakayoikuta baadaye ni ya namna hiyo.

Vyombo visivyongoja mtandao

Maktaba nzima inaweza kuingia ndani ya chumba bila intaneti. Kiwix inaruhusu kusoma Wikipedia na vitabu vingine vikiwa vimehifadhiwa kwenye diski. Kolibri inabeba masomo na video, na ilitengenezwa kwa ajili ya sehemu zisizo na mtandao. Moodle inaweza kuwekwa kwenye mashine moja ya chuo, na wanafunzi wanaifikia kwa simu zao kupitia Wi-Fi ya ndani, bila kununua megabaiti hata moja. Kompyuta ndogo kama Raspberry Pi, iliyotoka Uingereza mwaka 2012, inakula umeme mdogo kiasi kwamba betri na paneli ya jua vinaitosha. Na mwanafunzi asiye na kompyuta anaweza kuandika Python kwenye simu ya Android. Ni taabu kwa vidole, lakini inatembea.

Neno moja kuhusu programu za wizi. Karibu mashine zote za mtaani zina Windows iliyovunjwa kufuli, na humo ndimo virusi vinamoingilia. Kijana aliyezoea Linux na LibreOffice anaweza kumwambia mwajiri kwamba kila kitu ndani ya mashine yake ni halali.

Dada zetu mbele ya mashine

Wanafunzi watatu wakikaa mbele ya kompyuta moja, kwa kawaida mvulana anashika kibodi na msichana anashika daftari. Mwisho wa mwaka mmoja amefanya saa mia, mwingine amezitazama saa mia. Dawa yake ni rahisi: saa iko ukutani, na kila dakika kumi na tano kibodi inabadilisha mikono. Anayeshika kibodi haruhusiwi kuamua, anaandika tu anachoambiwa na wenzake. Makampuni mengi yanafanya kazi kwa wawili wawili namna hiyo. Wiki ya kwanza wavulana wanalalamika. Wiki ya tatu hakuna anayekumbuka kwamba ilikuwa vingine.

Siku hizi kuna pia akili bandia inayoandika programu kwa sekunde chache, na wanafunzi wenye simu wanaitumia. Kuikataza ni kupoteza muda. Mimi nakubali kazi yoyote, mradi mwanafunzi asimame ubaoni aniambie kila mstari unafanya nini, na kingetokea nini kama ungeondolewa. Aliyechora majedwali anaweza. Aliyenakili anaanza kutoka jasho.

Kabla ya kulipa minervali

Tusiwadanganye vijana kuhusu nafasi za kazi. Mashirika, makampuni ya simu, hospitali na shule zinaajiri, lakini wachache. Mwanzoni mwa mwaka 2025 benki zilifunga milango Goma, kisha Bukavu, na vijana waliokuwa na tumaini huko walibaki mikono mitupu. Kwa sababu hiyo ni lazima kijana aweze kufanya zaidi ya jambo moja: kutengeneza mashine, kupanga mtandao wa shule, kuweka hesabu za duka katika jedwali, kumfundisha katibu wa parokia. Wengine wameanza hivyo, kwa kazi ndogo ndogo zinazolipwa kwa M-Pesa au Airtel Money, na jina lao likaenea kwa midomo ya watu walioridhika.

Mzazi anayempeleka mtoto kusoma informatika anaweza kuuliza chuo maswali ambayo hayahitaji kujua kompyuta. Mtoto wangu atakaa mbele ya mashine saa ngapi kwa wiki, na siku umeme ukikatika atafanya nini? Nani atamfuatilia kwenye staji? Naweza kuona kazi moja ya mwisho ya mwaka jana ikitembea, hapa, mbele yangu? Mkuu wa chuo akikasirika kwa maswali hayo, hilo nalo ni jibu.

Kijana wa kile kituo cha afya alirudi kwangu akiwa na aibu. Hatukugusa kompyuta siku ile. Alirudi kituoni na daftari, akaketi kwenye benchi asubuhi tatu mfululizo, akamtazama muuguzi anavyopokea watu. Aliona kwamba mama asiyejua tarehe anaulizwa: "Ulizaliwa kabla au baada ya vita ya 1996? Mtoto wako wa kwanza ana miaka mingapi?" Muuguzi alikuwa na njia yake ya kukadiria umri, ya miaka mingi, na hakuna aliyewahi kumuuliza. Kijana akaongeza kwenye fomu mahali pa kuandika umri wa kukadiria, na mahali pa kutia alama kwamba ni makadirio. Kisha wakachukua daftari la karatasi, wakaketi wawili, na kuanza kusahihisha tarehe za 1 Januari 1990, mama mmoja baada ya mwingine. Iliwachukua siku kumi na moja.